Mbio Nilizokunyima

Biryogo, jioni ya kuamkia safari yako

Sauda mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako pale Nyamirambo, nami namjua dada wa marehemu baba yako: hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Nimefunga kibanda mapema, nimesukuma cherehani pembeni, na nimekaa kwenye meza ya kukatia nguo kwa sababu ndiyo meza pekee ya nyumba hii ambayo haina mzigo wako juu yake.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta kwenye basi, wala za kuficha hati zako, wala za kula ukashiba. Una miaka ishirini na minane, wewe ni nesi, na tangu nipatikane na presha ni wewe unayeniambia mimi nile nini. Hospitali ya Mwanza imepata mtu. Nataka kukuandikia habari za mbio. Najua utacheka. Utasema, "Mukecuru ameanza tena," maana bibi kizee ndilo jina ulilonibandika tangu ninunue raba. Cheka sasa hivi, huko mbele barua hii haichekeshi.

Unakumbuka nilivyoanza. Ilikuwa ile Jumapili ambayo magari huzuiwa barabarani na watu wa Kigali hutoka kukimbia na kutembea. Mimi sikutoka kukimbia, nilitoka kuwatazama wanene wenzangu wakijitesa. Chini ya hema walikuwa wanapima presha bure, nikaona nipumzike hapo kwenye kiti. Yule kijana akanifunga mkono, akapima, akapima tena, akaniuliza kama nimepanda mlima.

"Nimeshuka," nikamwambia.

"Mama, presha yako iko juu sana. Iko kama ya mtu anagombana."

Nikamjibu kwamba mimi ni fundi cherehani, nagombana na wateja kila siku. Hakucheka. Aliniandikia karatasi ya kwenda kwa daktari, na daktari akaniambia nimeze vidonge na nitembee. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Thelathini kati ya hiyo nilikuwa nimeimaliza kwenye kiti, mgongo umepinda, miguu inakanyaga cherehani, na kwa ujinga wangu nilidhani kukanyaga kule ndiyo mazoezi.

Daktari alisema nitembee, mimi nikasikia nikimbie. Ndivyo nilivyo, ukinipa pindo moja nashona mawili. Nilikwenda Nyabugogo kutafuta raba za mitumba, nikachagua nyekundu zilizonibana vidole, kwa sababu muuzaji aliapa kwamba zitatanuka. Mimi! Mtu anayekula kwa kupima watu, nimekubali kuvaa kitu kisichonitosha kwa sababu ya rangi. Kucha mbili ziligeuka nyeusi. Nikakimbia kila siku, sikujua kama kuna siku ya kupumzika, nikipanda kilima kama niliyeitwa kuzima moto na kushuka kwa kishindo mpaka meno yanagongana. Wiki ya tatu kisigino kikaanza kuniuma. Asubuhi nikishuka kitandani nilitembea kwa kushika ukuta. Sikukuambia. Ulinigundua kwenye swala, uliponiona nashindwa kukaa baina ya sijda mbili.

"Mama, unaumwa tangu lini?"

"Siumwi."

"Mama, mimi niko nesi. Na wewe hujui kudanganya."

Ulisema hivyo ukinikanda wayo, umepiga magoti mbele yangu. Sauda, nilitamani ardhi inimeze. Nitakuambia kwa nini, niache kwanza nikukumbushe yale mazuri, maana nayo ni ya kweli.

Ulinikataza kukimbia mwezi mzima. Ulinitafutia raba pana, mbaya, rangi ya majivu, ukanikataza kulalamika. Halafu ukaanza kunifundisha upya kama mtoto anayesimama dede. Dakika moja kukimbia, dakika mbili kutembea. Siku moja mbio, siku moja kupumzika, na ya kupumzika hukunikubalia hata nikusindikize sokoni haraka haraka. Ulinisimamisha kutoka kwenye kiti changu cha cherehani bila kushika meza, mara kumi, ukihesabu kwa sauti mpaka wateja wakawa wanahesabu nawe. "Mapaja ndiyo yanabeba goti," ulisema. Mlimani ulinilazimisha kutembea. Nilikuwa naona aibu kupitwa na wanaokwenda msikitini, ukaniambia kilima hakiendi popote.

Na ile kanuni yako ya wateja ndiyo naipenda kuliko zote. Tukikimbia, ulinitaka nikutajie majina ya wateja wenye nguo kwangu. Nikishindwa kumaliza majina matatu bila kuhema, ulisema, "Buhoro, mama. Polepole. Unakimbia zaidi ya umri wako." Hivyo ndivyo nilivyojifunza mwendo wangu. Ni mwendo wa mtu anayesengenya, na ninaumudu hadi leo nikiwa na hamsini na saba. Presha imeshuka, vidonge vimepunguzwa, nainama kuokota sindano bila kuita mtu. Uzima huu umenipa wewe, asubuhi baada ya asubuhi, ukikata hatua zako nzuri zilingane na zangu.

Nilipokuwa nakimbia pembeni yako, nilikuwa nakimbia na jambo. Nimekimbia nalo miaka mitano. Limefika leo.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Baba yako alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla. Shuleni kwenu mlichaguliwa wasichana wanane kwenda kukimbia kwenye mashindano ya shule, na mwalimu wenu wa michezo akaniletea kitambaa cha njano niwashonee fulana na kaptura. Tulikipima pamoja, mimi na yeye, juu ya meza hii hii. Kilitosha watu wanane na kubaki kidogo.

Wewe uliamini nini siku zote? Uliamini kitambaa kilipungua. Ndivyo nilivyokuambia, ndivyo nilivyomwambia mwalimu. Fundi akisema kitambaa kimepungua, kila mtu anajua labda ameiba kipande, labda amekosea kukata, na watu wananuna halafu wanasahau. Ni uongo wetu wa kazi, upo tayari mdomoni kama pini.

Kitambaa hakikupungua. Nilikata nguo saba, na cha nguo yako nikakikunja nikakiweka chini ya gunia la vipande.

Ile siku mwalimu alipokuja kuchukua nguo, alizihesabu mara mbili.

"Mama Sauda, kitambaa iliingia hapa ya watu nane. Hizi ni saba. Ingine iko wapi?"

"Imepungua, mwalimu."

"Imepungua namna gani? Si tulipima na wewe hapa hapa?"

Watu wawili walikuwa wanasubiri nguo zao, wanasikiliza. Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sare yako ya shule, ukatoka pale ukaja ukasimama kati yangu na yeye.

"Mwalimu, usimgombeze mama. Ni mimi. Niliacha pasi juu yake, ikaungua."

Pasi ile haikuwa imetiwa makaa kwa siku mbili. Ulikuwa unajua. Nami nilikuwa najua. Ningeweza kuinama nikavuta kile kitambaa chini ya gunia, palikuwa na hatua tatu tu, nikaketi nikakushonea hata kabla ya magharibi. Badala yake nikatazama chini nikaanza kukusanya chaki zangu. Mwalimu akakuambia kwamba umejitoa mwenyewe, kwamba bila nguo ya shule hukimbii, na kwamba kwa uzembe wako utakwenda kubeba mabegi ya wenzako. Uliitikia ndiyo. Ulikwenda kweli, ukabeba mabegi, ukarudi jioni na vumbi miguuni, ukanieleza nani alikuwa wa kwanza. Alikuwa msichana ambaye mazoezini ulikuwa unamwacha nyuma. Nilikupakulia maharage, nami nikala, nikamaliza sahani yangu.

Halafu, tukiwa tunaosha vyombo, ukaniambia kwa upole, "Mama, kila fundi anakosea siku moja. Mimi sikutaka watu wajue."

Ulidhani nimekosea kukata. Ulibeba aibu mbele ya watu ili mkono wangu usisemwe. Nami nilikuachia uibebe, miaka kumi na minne sasa, na kile kitambaa nikakimaliza kidogo kidogo kwa kukitia bitana za mifuko. Wanaume wa Biryogo walitembea mwaka mzima na mifuko ya njano ndani ya suruali zao.

Nilijiambia sababu ni kaptura. Nilijiambia watu watasemaje, mtoto wa Kiislamu, hana baba, mapaja nje mbele ya umati. Amu yako alikuwa amenitupia neno kuhusu hilo, nikaliokota kwa furaha maana lilinipa kisingizio chenye heshima. Kama ni kaptura kweli, mimi si fundi? Ningekushonea suruali ndefu ya njano na mikono mirefu, na mwalimu asingekataa. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza.

Sababu ni hii. Wiki moja kabla, mwalimu alinisimamisha njiani akaniambia, kwa kunipongeza, kwamba watakaofanya vizuri watachukuliwa kwenda shule ya bweni upande wa kusini, wasome bure na wafundishwe mbio. Akasema, "Sauda wako hiyo nafasi ni yake." Nikamshukuru. Nikarudi hapa, nikaona kitanda chako, nikaona viatu vya baba yako ambavyo nilikuwa bado sijavigawa, nikaona nyumba hii itabaki na mimi na cherehani. Nikaogopa. Hakuna zaidi ya hapo, mwanangu. Nilikuzuia kwa sababu nilikuwa mpweke, nikauita upweke wangu malezi.

Baada ya pale uliacha mbio. Ulisema zimekuchosha. Ukawa unarudi moja kwa moja kutoka shuleni, unakaa hapo dirishani unanishonea vifungo, tunazungumza mpaka giza linaingia. Nilifurahi. Nakuandikia neno hilo kama lilivyo, nilifurahi sana.

Sasa nikukumbushe Jumamosi ile ya Nyarutarama. Ulikuwa umenipeleka kule kwenye barabara za tambarare, karibu na uwanja wa gofu, magoti yangu yapumzike na vilima vya kwetu. Wakatupita wasichana watano sita, wembamba, wamevaa vizuri, wakicheka, mmoja akakutazama akasema, "Komera, dada," yaani jikaze, kama anayempa pole mtu aliyefungwa jiwe. Jiwe lenyewe ni mimi. Wewe ukanigeukia, mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, ukaniuliza:

"Mama, naweza?"

Uliniomba ruhusa. Nikakuambia nenda.

Nilikuwa sijawahi kukuona, Sauda. Wewe ndiye mtoto wangu wa pekee, nimekuzaa, nimekuvisha, najua upana wa mabega yako bila futi, na nilikuwa sijawahi kukuona ukikimbia. Uliondoka bila kelele. Mabega yalitulia kabisa, miguu ndiyo iliyokuwa inafanya kazi. Uliwafikia kabla ya kona, ukawapita upande wa kulia, ukaendelea, na wale wasichana wakaacha kucheka. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akijinyoosha kwenye uzio wa nyumba, na mlinzi wa getini pembeni yake. Mzee akaniuliza, "Yule binti alikuwa anashindana wapi zamani?"

"Hakushindana popote," nikamjibu.

"Aaa, mama, haiwezekani," akasema, na mlinzi naye akatikisa kichwa.

Niliketi ukingoni mwa barabara nikalia kama nilivyolia kwenye msiba wa baba yako. Uliporudi, jasho linakutiririka, uso wako unang'aa kama ambavyo sijauona tangu utoto wako, ukanikuta nalia, na uso ule ukazimika mara moja. Ukauliza ni goti? Nikasema ni shavu la mguu, limenibana. Ukapiga magoti pale pale barabarani ukaanza kunikanda. Mguu haukuwa na kitu. Ulinikanda kwa muda mrefu, ukaomba radhi kwamba umeniacha peke yangu, na tangu siku ile hukukimbia tena mbele yangu.

Kwa hiyo nimekunyima mara mbili. Mara ya kwanza niliogopa, ya pili niliona haya, na wewe mara zote mbili ulinihurumia mimi.

Watu wananipongeza siku hizi. Wanasema mama Sauda ametufundisha kwamba umri si kitu. Vijana wa mtaani wananipigia makofi nikipita na hijabu yangu na raba zangu za majivu. Umri ni kitu. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili anaweza kuanza mbio, nimeona. Akienda polepole, akapumzika, akasikiliza mwili wake, anaweza kuongeza kidogo kila mwezi na kujishangaa. Lakini hawezi kuwa na miaka kumi na minne, wala hawezi kumrudishia mwingine miaka yake kumi na minne. Ninakimbia kwa afya. Wewe ulikuwa na kitu kingine, sijui jina lake, nilikiona mara moja kwenye ile barabara. Naogopa kukuambia kwamba bado hujachelewa, kwa sababu sijui, na sitaki kukudanganya mara ya tatu.

Kama ningekuwa na la kukushauri, lingekuwa dogo. Ukimpenda mtu na ukaogopa kubaki peke yako, mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, hata kama ni mtoto. Ungenijibu nini ukiwa na miaka kumi na minne, kama ningekuambia, "Sauda, usiende, naogopa"? Pengine ungebaki. Pengine ungelia ukaenda. Ingekuwa ni wewe umeamua.

Juzi nilimtafuta yule mwalimu. Amestaafu, ana duka la vifaa vya shule huko anakoishi. Nilikimbia nusu ya njia, nyingine nikatembea. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mbele ya meza yake ya kuuzia, kwamba Sauda hakuunguza kitu, kwamba kitambaa kilikuwa chini ya gunia. Akamhudumia kwanza mteja mmoja aliyeingia, mpaka akatoka. Halafu akaniuliza, "Na yeye anajua?"

"Bado."

"Sasa mimi umeniambia ya nini?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikuweza kukimbia hata hatua moja.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii ndani ya begi lako, chini ya kanga, uione ukishavuka mpaka wa Rusumo. Hata bahasha nimeinunua. Lakini nikiandika nimeona ni ujanja wangu ule ule. Ungeisoma ndani ya basi katikati ya watu usiowajua, hakuna wa kumgombeza. Ungelia ukitazama dirishani, na ukifika Mwanza ungenipigia simu kuniambia, "Mama, hakuna neno, ni mambo ya zamani," kwa sababu ndivyo ulivyo. Ungenisitiri tena, nami ningeshukuru na kulala usingizi mzuri. Safari hii nisistiriwe.

Basi nitakupa mkononi ukiingia. Isome hapa mezani. Mimi nitakuwa jikoni, mlango nitauacha wazi. Usinihurumie kwa sababu ya presha yangu, iko chini, nimepima leo mchana makusudi. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani zetu wamesikia makubwa zaidi ya hayo kwenye uchochoro huu. Ukitaka kesho alfajiri uende stendi ya Nyabugogo na shangazi yako bila mimi, nitakubebea begi mpaka kizingitini tu, nirudi ndani. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, ila usinyamaze kwa ajili yangu.

Nasikia sauti yako nje, unawasalimia watoto wa jirani. Njoo, mwanangu. Lolote utakalosema, nitalisikiliza mpaka mwisho.

Mama yako